Vidole Kumi na Viwili vya Garfield Sobers

Ni siku ya tano ya mechi, Machi 1968, katika uwanja wa Queen's Park Oval mjini Port of Spain, Trinidad. West Indies wako kwenye zamu yao ya pili, wamefikisha mikimbio 92 na wamepoteza wiketi mbili tu, yaani wapigaji wawili ndio waliotolewa. Mechi imelala. Kila aliyelipa kiingilio anajua itaisha sare, na sare katika kriketi ya siku tano haimkasirishi mtu. Ndipo nahodha, Garfield Sobers, anapowaita wapigaji wake warudi. Amefunga zamu. Ni kama anawaambia Waingereza: haya, mna dakika 165, tafuteni mikimbio 215 mkiweza.

Wakaweza. Geoffrey Boycott alimaliza na 80 bila kutolewa, nahodha wao Colin Cowdrey akapiga 71, na Uingereza ikashinda kwa wiketi saba zikiwa zimebaki dakika tatu. Kati ya mechi tano za mfululizo ule hakukuwa na nyingine iliyopata mshindi. Kombe lilikwenda Uingereza kwa alasiri moja.

Visiwa vya Karibi vilimgeuka. Mtu aliyekuwa akipendwa kupita kiasi alitukanwa barabarani na magazetini. Charlie Griffith, mrushaji wake wa kasi, alikuwa ameumia na hawezi kurusha. Nahodha gani anafunga zamu akiwa na pengo kama hilo? Lakini Sobers alikuwa amewaona Waingereza katika zamu yao ya kwanza wakiporomoka mbele ya Basil Butcher, mpigaji ambaye kurusha si kazi yake, aliyewachukulia wiketi tano kwa mikimbio 34 tu. Tena mechi tatu zilizotangulia zote zilikuwa zimekwisha sare. Watu walilipa pesa zao waone mchezo, naye akaona wana haki ya kuuona.

Mimi namtetea kwa alasiri ile, na sitarudi nyuma. Lakini mtetezi mkweli hachagui siku za kutetea. Miaka miwili na nusu baadaye, mkono ule ule uliowapungia wapigaji warudi Port of Spain ulimsalimia Ian Smith, kiongozi wa walowezi weupe, mjini Salisbury, Rhodesia, na huko siwezi kumfuata. Ninaloamini ni kwamba mambo hayo mawili yalitoka chemchemi moja. Anayelisifu la kwanza na kulificha la pili hajamjua Sobers.

Alizaliwa Julai 28, 1936, mtaa wa Bay Land pale Bridgetown, Barbados, akiwa na vidole sita kila mkono. Vile vya ziada viliondoka angali mdogo, na kimoja alikikata mwenyewe. Baba yake, Shamont, alikuwa baharia wa meli za biashara. Januari 1942 nyambizi ya Kijerumani iliizamisha meli yake, na mtoto wa miaka mitano akabaki na mama yake, Thelma, pamoja na ndugu zake katika nyumba ya watu wasio na kitu.

Barbados ni kisiwa kidogo. Kingeingia Unguja mara tatu na nafasi ikabaki. Wakati ule kilikuwa koloni la miwa. Klabu za kriketi zilipangwa kwa rangi na kwa mali: hii ya wafanyabiashara weupe, ile ya machotara na weusi waliosoma. Mtoto wa Bay Land aliyecheza peku uchochoroni kwa mpira wa lami hakuwa na mlango. Mlango wake ulikuja kupatikana kwenye timu ya Polisi, na ili aweze kuichezea ilibidi aingizwe katika bendi ya Polisi kama mpiga tarumbeta. Nalipenda sana jambo hili. Mmoja wa wanamichezo wakubwa kabisa wa karne ya ishirini aliingia uwanjani kwa kupuliza tarumbeta.

Alipochezea Barbados dhidi ya India mwaka 1953 alikuwa na miaka 16. Mwaka uliofuata, Machi, akiwa na miaka 17, aliitwa timu ya West Indies dhidi ya Uingereza mjini Kingston. Hakuitwa kama mpigaji. Aliitwa arushe mipira ya polepole ya kuzunguka, na katika orodha ya wapigaji aliwekwa wa tisa, pale wanapowekwa wale ambao gongo si kazi yao. Alichukua wiketi nne kwa mikimbio 75.

Kwenye soka letu tuna neno la mchezaji anayepangwa popote: kiraka. Ni neno la sifa, lakini silitaki kwa Sobers. Kiraka hushonwa pale nguo ilipochanika, na yeye alikuwa jora zima. Kwa msomaji asiyeifuata kriketi nieleze kidogo. Katika wachezaji kumi na mmoja, timu huwa na wapigaji wake na warushaji wake, na hao warushaji nao wana makabila: wa kasi, wa kuzungusha kwa vidole, wa kuzungusha kwa kiwiko cha mkono. Mtu huchukua miaka kuijua kazi moja kati ya hizo. Sobers, kwa mkono wake wa kushoto, alizifanya zote tatu katika kiwango cha mataifa. Asubuhi mpira ukiwa mpya na unang'aa, alikimbia hatua zake na kuurusha kwa kasi ukipinda hewani. Mpira ukichakaa, alipunguza mwendo akauzungusha kwa vidole. Mpigaji akishaanza kuuzoea mzunguko huo, Sobers aligeuza kiwiko, na mpira ukaanza kukata upande mwingine. Alipokuwa harushi alisimama karibu kabisa na mpigaji, mahali pa kuvunjwa uso, akadaka kwa mikono mitupu. Katika mechi 93 za testi, yaani zile rasmi za mataifa, alidaka 109 na kuchukua wiketi 235.

Na bado sijafika kwenye gongo. Mechi hizo 93 zilimpa mikimbio 8,032 kwa wastani wa 57.78, na karne 26, yaani zamu 26 za mikimbio mia au zaidi. Mpigaji anayefanya kazi hiyo moja tu akifika wastani wa 50 huhesabiwa miongoni mwa wakubwa.

Karne ya kwanza kati ya hizo ilichelewa. Miaka minne watu waliona kipaji na hawakuona mia. Ilipokuja, Sabina Park mwaka 1958 dhidi ya Pakistan, haikusimama: mia, mia mbili, mia tatu, hadi 365 bila kutolewa, ikaipita rekodi ya dunia ya Len Hutton ya 364 iliyokuwa imekaa miaka 20. Upande wa pili wa uwanja Conrad Hunte alipiga 260, na wawili hao peke yao walikusanya mikimbio 446 pamoja. Sobers alikuwa na miaka 21. Mechi iliyofuata, Georgetown, alipiga karne katika kila zamu, kana kwamba anaomba radhi kwa kuchelewa.

Septemba 1959 alikuwa Uingereza, akichezea klabu ya Radcliffe katika ligi ya Central Lancashire. Usiku mmoja yeye na wachezaji wenzake wawili wa West Indies, Tom Dewdney na Collie Smith, walikuwa safarini kwenda London kucheza mechi ya hisani. Sobers ndiye aliyeshika usukani. Huko Staffordshire gari lao liligongana na lori. Collie Smith, rafiki wa moyoni, mpigaji ambaye Jamaika ilimtazamia makubwa, alifariki siku mbili baadaye akiwa na miaka 26. Mahakama ilimtoza Sobers faini kwa uendeshaji wa uzembe. Baadaye alisimulia kwamba kwa muda alizama katika pombe, kisha akajiambia kwamba tangu hapo lazima acheze kwa ajili ya watu wawili.

Sidhani mtu anaweza kuielewa kazi yake bila kufika kwenye barabara ile. Wengi humwelezea kama mtu wa anasa, mpenda farasi wa mashindano na usiku mrefu, aliyeuchukulia mchezo kama mzaha uliomjia kirahisi. Yote hayo yalikuwepo. Lakini mtu anayecheza kwa niaba ya marehemu hachezi mzaha. Anatoa, na akishatoa bado anaona hajamaliza deni.

Unahodha aliurithi mwaka 1965 kutoka kwa Frank Worrell, mtu mweusi wa kwanza kupewa timu ile kwa kudumu, kiongozi ambaye kimya chake kilikuwa na uzito kuliko hotuba za wengine. Sobers alianza kwa kuwafunga Australia nyumbani, jambo ambalo West Indies hawakuwahi kulifanya katika mfululizo wowote. Kisha ukaja 1966 nchini Uingereza. Mechi tano: mikimbio 722 kwa wastani wa 103.14, wiketi 20, kudaka 10, na ushindi wa tatu kwa moja. Uwanjani Lord's timu yake ilikuwa taabani katika zamu ya pili, wiketi tano zimekwenda kwa 95, iko mbele kwa mikimbio tisa tu. Aliyeingia kuungana naye alikuwa binamu yake, David Holford, kijana aliyekuwa akicheza mechi yake ya pili ya testi. Nahodha wa kawaida angemficha kijana huyo, angehakikisha mipira mingi anaipokea yeye. Sobers alimwacha acheze. Wakasimama pamoja hadi mikimbio 274, hakuna aliyeweza kuwatenganisha: Sobers 163, Holford 105. Mechi iliokolewa, na Holford akapata karne aliyokaa nayo maisha yake yote.

Huo ndio uongozi wake wote ulivyokuwa. Alimwamini mtu, akampa nafasi, basi. Hakuwa mtu wa vikao wala wa mbinu za daftari. Lawama aliyopewa mara nyingi ni kwamba hakuelewa kwa nini wengine hawawezi kufanya lile ambalo yeye analifanya bila kufikiri, na ninaikubali. Warushaji wake wa kasi, Wes Hall na Griffith, walipozeeka timu ilishuka, naye hakuwa na dawa zaidi ya kujitwika mwenyewe kazi ya watu watatu. Mechi 39 kama nahodha, ushindi tisa, vipigo kumi, sare ishirini. Ukizipanga hesabu hizo kwenye karatasi utapata nahodha wa kawaida.

Hata sita zake sita zilizozunguka dunia nzima zina alama hiyo hiyo. Agosti 31, 1968, Swansea, akiwa nahodha wa Nottinghamshire dhidi ya Glamorgan, Sobers aliipiga mipira yote sita ya ova moja ya Malcolm Nash ikavuka mpaka bila kugusa chini. Wa tano ulidakwa na Roger Davis, lakini alianguka nao nje ya mstari. Kabla yake hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika kriketi ya daraja la kwanza. Watu husahau alikuwa akitafuta nini dakika ile: mikimbio ya haraka ili afunge zamu. Alipomaliza ova ile alifunga kweli, akiwa na 76, na karne ikiwa inamwita kwa mbali. Hakuitaka.

Sasa Salisbury.

Mwaka 1970 Afrika Kusini ilikuwa imepangiwa kuzuru Uingereza, na upinzani dhidi ya ubaguzi wa rangi ukaifuta ziara hiyo. Mahali pake ikaundwa timu ya dunia, Sobers akiwa nahodha. Ndani yake walikuwemo makaburu bora kabisa wa mchezo huo: Graeme Pollock, Barry Richards, Mike Procter, Eddie Barlow. Mtu mweusi akiwaongoza wachezaji ambao kwao wasingeruhusiwa kushindana naye. Sobers alicheza kama aliyewashwa moto, wiketi sita kwa 21 na mikimbio 183 katika mechi moja tu ya Lord's. Chumbani waliishi vizuri. Na kwa kuwa waliishi vizuri, nadhani akaamini kwamba penye gongo na mpira watu wote huwa ndugu.

Septemba mwaka huo alialikwa kwenye mashindano ya wachezaji wawili wawili huko Salisbury, mji ambao leo ni Harare. Akakubali kwa malipo ya pauni 600. Mwenzake wa kushirikiana alikuwa Ali Bacher, nahodha wa Afrika Kusini. Alikaa kama siku mbili, akala chakula cha mchana na Ian Smith, akaondoka akimsifu mwenyeji wake.

Tukumbuke Rhodesia ilikuwa nini. Novemba 1965 Smith alijitangazia uhuru kwa niaba ya walowezi wachache ili wengi wasitawale. Joshua Nkomo na Robert Mugabe walikuwa kizuizini tangu 1964. Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza Desemba 1965 kwa sababu ya Rhodesia, na ikapoteza msaada iliouhitaji mno. Dar es Salaam ndiko Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikokaa, na wakati Sobers anashuka kwenye ndege kule Salisbury, Walter Rodney, mwana wa Guyana, alikuwa akifundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu wa Karibi hakuwa mgeni katika vita hivi. Mapema mwaka huo huo Trinidad ilitikiswa na maandamano ya vijana weusi hadi serikali ikatangaza hali ya hatari.

Kwa hiyo Karibi ililipuka. Gazeti moja la Antigua lilimwita mtu mweusi mwenye moyo wa mzungu. Forbes Burnham, waziri mkuu wa Guyana, alisema Sobers hatakaribishwa nchini mwake hadi aombe radhi. Wapo waliomtetea kwa maneno tunayoyasikia mpaka leo: mwanamichezo ni mwanamichezo, siasa waachiwe wanasiasa. Mimi naona maneno hayo yalimdharau kuliko matusi. Sobers hakuwa mtu binafsi aliyekwenda kujipatia riziki. Timu ya West Indies ndiyo kitu pekee ambacho visiwa vile, vilivyokuwa vimeshindwa kukaa katika shirikisho moja, vilikuwa navyo kwa pamoja. Nahodha wake akiketi mezani kwa Smith, wazawa wa watumwa wote wa Karibi wameketishwa pale bila kuulizwa.

Sioni uovu katika alichofanya, wala sioni tamaa. Pauni 600 hazikuwa bei ya Sobers. Naona mkono uliozoea kuwa wazi, usiouliza unampa nani. Mkono huo ulimpa Holford karne yake. Uliwapa watu wa Port of Spain mechi waliyoilipia. Siku ile ulimpa Smith picha aliyoihitaji, mweusi mashuhuri akifurahi nchini mwake, na kwa watu waliokuwa kizuizini picha ile ilikuwa pigo.

Oktoba aliandika barua kwa bodi ya kriketi, akisaidiwa na Errol Barrow, waziri mkuu wa Barbados. Alieleza kwamba hakuwa ametambua uzito wa hisia za watu wake, na kwamba alisikitika. Burnham akaipokea. Machi 1971, India ilipozuru, Sobers aliingia uwanjani Georgetown, katika nchi ile ile iliyokuwa imemfungia mlango, akapiga 108 bila kutolewa. India iliwashinda West Indies katika mfululizo kwa mara ya kwanza katika historia, lakini yeye binafsi alimaliza na mikimbio 597. Sunil Gavaskar, kijana wa India aliyeanza kazi yake katika ziara hiyo, husimulia kwamba Sobers alikuwa akipita kwenye chumba chao kumgusa ili apate bahati, hadi nahodha Ajit Wadekar akamfungia Gavaskar chooni siku ya mwisho. Sobers akatoka kwa sifuri.

Januari 1972, Melbourne, akiongoza timu ya dunia, alipiga 254 dhidi ya Australia, na Don Bradman, aliyekuwa hatupi sifa ovyo, alisema hajaona upigaji bora zaidi ya ule katika ardhi ya Australia. Magoti yalikuwa yameanza kumwacha. Mwaka uliofuata unahodha ulikwenda kwa Rohan Kanhai, na testi yake ya mwisho ilikuwa 1974, Port of Spain tena. Malkia alimpa cheo cha Sir mwaka 1975, palepale Bridgetown, na Barbados ikamtangaza shujaa wa taifa mwaka 1998. Wisden, kitabu cha mwaka cha kriketi, kilipouliza watu 100 wawataje wachezaji watano wa karne, Bradman alipata kura zote 100 na Sobers 90. Aliyefuata alikuwa na 30.

Lakini mimi nikitafuta urithi wake huuangalia uwanja wa Port of Spain. Aprili 1976, miaka minane baada ya alasiri ile, Clive Lloyd, nahodha mpya, alifunga zamu hapo hapo na kuwawekea India mikimbio 403. India wakaifikia kwa kupoteza wiketi nne tu. Lloyd hakurudia. Aliwaweka kando warushaji wa kuzungusha, akajaza timu yake watu wanne wa kasi, na West Indies wakatawala dunia, miaka kumi na mitano bila kupoteza mfululizo hata mmoja. Naiheshimu timu ile kuliko ninavyoweza kueleza. Iliwapa watu weusi kila mahali sababu ya kutembea wameinua vichwa, nayo iliikataa pesa ya makaburu kwa ujumla wake, isipokuwa wale wachache waliokwenda na kufungiwa maisha. Ngumi ile ilijua inampiga nani. Funzo la Salisbury lilikuwa limeingia, na lililipiwa na jina la Sobers.

Hata hivyo, nikiwa na alasiri moja tu ya kuangalia kriketi, nisingechagua timu ya Lloyd.

Aprili 18, 1994, St John's, Antigua. Brian Lara, kijana wa Trinidad mwenye miaka 24, mpigaji wa mkono wa kushoto kama Sobers, yuko 365 dhidi ya Uingereza. Anaupiga mpira kwa nguvu kuelekea mpakani, na rekodi iliyokaa miaka 36 imevunjika. Watu wanamiminika uwanjani, polisi wanajaribu kuwazuia. Katikati yao anapita mzee wa miaka 57, anachechemea kwa magoti yake mabovu, anafika kwa Lara na kumkumbatia.